Namna ya Kuandika Historia ya Makumbusho kwa Kuanzia na Kigae: Mfano wa Zanzibar

Mtu akiambiwa aandike historia ya makumbusho, kwanza hulikimbilia jiwe la ufunguzi. Hunakili mwaka, jina la aliyelifungua jengo na jina la aliyelichora, akaongeza picha tatu nne, kisha akaihesabu kazi kuwa imekwisha. Nimesahihisha insha nyingi za namna hiyo katika skuli za Unguja na Pemba, na kila mara nimeona kwamba kilichoandikwa ni historia ya nyumba. Nyumba hiyo ingeweza kuwa posta au mahakama, na insha ikabaki ile ile. Makumbusho ni vitu vilivyokusanywa pamoja na sababu za kukusanywa kwake, hasa makumbusho ya akiolojia, ambamo kitu kisichojulikana kilitoka shimo gani huwa hakina la kutuambia. Mwongozo huu unaeleza njia ya kuanzia upande wa pili: unachukua kitu kimoja kilichomo kabatini, unakifuata kinyumenyume mpaka ardhini kilikotoka, na historia ya taasisi yenyewe inajitokeza njiani.

Chagua kitu kidogo

Usianze na mlango uliochongwa wala kiti cha enzi, kwa sababu vitu vikubwa vimekwisha kuandikwa mno na kila mtu ana hadithi yake tayari. Chagua kigae, yaani kipande cha chombo cha udongo kilichovunjika. Kwa Zanzibar napendekeza kigae cha mtungi wa rangi ya samawati iliyoingia ukijani, wa aina inayopatikana Unguja Ukuu, kusini mwa kisiwa cha Unguja. Ukiruhusiwa kukishika, kiweke juu ya kiganja na ukitazame kwa ubavu, pale kilipovunjika. Utaona udongo mwororo wa unjano hafifu, na juu yake tabaka linalong'aa kama kioo, nene pale rangi ilipochuruzika ikaganda, nyembamba pale bega la mtungi lilipopinda. Udongo huo si wa kwetu. Mitungi ya namna hiyo ilifinyangwa Iraki na pande za Ghuba ya Uajemi, ikateremka pwani hii na vyombo vilivyokuja kwa pepo za kaskazi, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita.

Kisha omba kionyeshwe cha pili, kigae cha chungu cha kupikia kilichofinyangwa papa hapa pwani, chenye mistari ya pembetatu iliyochorwa kwa ncha kali shingoni kabla udongo haujakauka. Vyungu vya aina hii, au vinavyofanana navyo sana, vimeonekana kuanzia pwani ya Kenya hadi Msumbiji, na katika mashimo ya wachimbaji wa mambo ya kale vigae vyake huwa vingi kuliko vya ng'ambo kwa mbali sana. Viweke vigae viwili hivyo sambamba katika daftari lako tangu siku ya kwanza, kwa sababu swali moja litakalokurudia katika kazi yote ni hili: kipi kati ya viwili hivi kiliwekwa nyuma ya kioo ili wageni wakitazame, na kipi kilibaki ndani ya sanduku ghalani? Jibu la swali hilo, kwa kila kipindi cha taasisi, linakueleza waliokuwa wakiiendesha waliamini nini kuhusu watu wa pwani. Kwa muda mrefu uzuri wa kitu cha mbali ulifunika wingi wa kitu cha hapa, na wasomaji wengi wakaondoka na picha kwamba miji yetu ililetwa ndani ya jahazi pamoja na mitungi. Naliona hili kuwa kosa kubwa zaidi katika historia zilizoandikwa kuhusu pwani, na mwandishi kijana ana nafasi ya kulisahihisha.

Sasa geuza kigae. Upande wa ndani, kikiwa kimetunzwa vyema, utakuta nambari ndogo iliyoandikwa kwa wino. Inakili kama ilivyo, pamoja na kila mkwaju, nukta na herufi, hata kama huielewi, kwani herufi za mwanzo mara nyingi ni kifupisho cha jina la mahali, na tarakimu zinazofuata huonyesha shimo na tabaka la udongo. Hicho ndicho cheti cha kuzaliwa cha kitu. Omba kitabu cha mapokezi cha makumbusho, utafute nambari hiyo, na uandike siku kilipopokelewa, aliyekileta, alikileta kwa njia gani, yaani kwa kuchimba, kwa kununua, kwa zawadi au kwa amri ya Serikali, na maneno yaliyotumiwa kukieleza siku hiyo. Maneno hayo yanakili kama yalivyo, bila ya kuyapamba.

Hapa nitaeleza kosa nililolishuhudia, ili wewe usilirudie. Kikundi cha wanafunzi nilichokuwa nacho kilipewa mifuko sita ya vigae kivioshe. Kwa bidii yao walivimimina vyote katika beseni moja, wakavisugua vikatakata, wakavianika juu ya mkeka. Jioni tulikuwa na vigae safi kuliko vyote nilivyowahi kuviona, na hapakuwa na mtu aliyeweza kusema kipi kilitoka tabaka la juu na kipi tabaka la chini. Kazi ya wiki tatu ya watu waliochimba kwa mwiko na brashi ilimalizikia katika beseni. Tangu siku hiyo nafundisha kwamba mfuko mmoja huoshwa katika chombo kimoja, huanikwa juu ya chano kimoja, na karatasi yake ya nambari haiondoki pembeni mwake hata upepo ukivuma.

Ukienda kwenye magofu yenyewe, usiokote chochote. Unguja Ukuu vigae vimetapakaa ufukweni na mashambani, na mkono hushawishika. Kigae kilicholala mahali pake bado ni ushahidi, na kilichoingia mfukoni mwako kimeshapoteza nusu ya maana yake kabla hujafika barabarani.

Fuata kitu mpaka shimoni

Unguja Ukuu ulikuwa mji wa bandari uliostawi kati ya karne ya 7 na ya 10. Katika karne ya 19, kabla ya makumbusho yoyote kuwapo hapa, zilifukuliwa huko sarafu nyingi za dhahabu, na mojawapo iliyotambuliwa baadaye ni dinari ya Bani Abbas, ukoo wa makhalifa wa Kiislamu, iliyopigwa mwishoni mwa karne ya 8. Sarafu nyingine zilitawanyika. Weka jambo hili mapema katika historia yako, kwa sababu linaonyesha waziwazi kile ambacho nchi hupoteza inapokuwa haina nyumba ya kupokelea vitu vyake wala daftari la kuviandikia.

Baada ya hapo panga waliochimba na kuandika, kwa mfuatano wa miaka. F. B. Pearce, aliyekuwa Balozi Mkaazi wa Kiingereza, alitoa kitabu mwaka 1920 ambamo alieleza magofu mengi ya Unguja na Pemba, wakati ambapo makumbusho yalikuwa bado hayajafunguliwa. James Kirkman, anayejulikana zaidi kwa kazi yake ya Gedi huko Kenya, alichimba Ras Mkumbuu, Pemba, katika miaka ya 1950. Neville Chittick alishughulika na Unguja Ukuu katika miaka ya 1960. Kuanzia mwaka 1984 Mark Horton alipima na kuchimba sehemu nyingi za visiwa vyote viwili. Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher wamefanya kazi Pemba, na Abdurahman Juma, mtaalamu wa hapa hapa Zanzibar, alirudi Unguja Ukuu na kuuandikia tasnifu iliyotolewa mwaka 2004. Ukiipanga orodha hiyo utaona mabadiliko ambayo jiwe la ufunguzi haliwezi kukuonyesha: kutoka kwa mtawala wa kikoloni aliyetembelea magofu kwa mapenzi yake, hadi kwa mtaalamu mzalendo anayechimba tabaka kwa tabaka na kuuhesabu kila mfupa wa samaki.

Kwa kila mchimbaji uliza swali moja la kiutendaji: vitu alivyovitoa viliwekwa wapi? Chukua mfano wa Mtambwe Mkuu, Pemba, ng'ambo ya hori la Wete. Mwaka 1984 iligunduliwa huko hazina ya sarafu zaidi ya 2,000, nyingi zikiwa za fedha, ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, zenye majina ya watawala wa pwani wenyewe, na pamoja nazo dinari chache za dhahabu kutoka nchi nyingine za Kiislamu. Zilifukiwa katika karne ya 11. Hazina hiyo ilibadilisha maelezo ya historia ya Pemba, kwani iliwatoa watawala wetu katika masimulizi na kuwaweka juu ya madini, majina yao yakisomeka. Mwandishi anayeishia kwenye sifa hizo amefanya nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni kufuatilia njia ya sarafu hizo tangu siku zilipotoka udongoni: zilisafishwa na nani, zilihesabiwa lini, ni ngapi zilionyeshwa kwa wananchi na ngapi zilibaki katika kasha, na je, mtoto wa Mtambwe amepata kuziona?

Sasa itazame nyumba

Nyumba, hapa Zanzibar, si moja. Jengo jeupe lenye kuba lililopo Mnazi Mmoja, Beit el-Amani, lilifunguliwa mwaka 1925. Lilichorwa na John Houston Sinclair, naye pia aliyekuwa Balozi Mkaazi, mtu aliyependa kuchanganya matao na makuba ya Kiislamu katika majengo ya Serikali. Mahakama Kuu ni kazi yake vilevile. Jina la jengo lenyewe lataka maelezo. Lilijengwa kuwa kumbukumbu ya kumalizika kwa Vita vya Kwanza vya Dunia, vita vilivyoifika Zanzibar mlangoni: tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliipiga na kuizamisha manowari ya Kiingereza, Pegasus, mbele ya mji, na baadhi ya mabaharia waliokufa walizikwa katika kisiwa cha Chapwani. Kwa hiyo makumbusho ya kwanza ya Zanzibar yalizaliwa kama kaburi la heshima la vita vya wengine, na mambo ya kale yaliingia humo pamoja na ndege waliokaushwa, kazi za mikono na sanduku la dawa la Livingstone. Mtunzaji wake wa mwanzo, Dkt. Alfred Spurrier, alikuwa tabibu. Nakushauri uandike fani ya kila mtunzaji aliyemfuatia, kwa sababu makabati hufuata macho ya anayeshika funguo.

Beit el-Ajaib ina habari nyingine kabisa. Sayyid Barghash bin Said aliijenga mwaka 1883 kwa ajili ya sherehe na fahari ya ufalme. Iligeuka kuwa jengo la ofisi za Serikali chini ya Waingereza, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikawa makumbusho ya historia na utamaduni wa Zanzibar na pwani ya Waswahili. Hapo ndipo akiolojia ilipopata vyumba vyake na nafasi ya kusimulia mji wa Waswahili kwa mpango, na katika ukumbi wa kati ukasimama mtepe, chombo cha mbao zilizoshonwa kwa kamba bila ya msumari hata mmoja. Mwaka 2012 sehemu ya jengo iliporomoka, makumbusho yakafungwa. Tarehe 25 Disemba 2020, matengenezo yakiwa yanaendelea, sehemu kubwa ya mbele pamoja na mnara wa saa ilianguka, na watu wawili wakapoteza maisha. Unapoandika sehemu hii, waandike marehemu hao kwanza, kisha vitu: vilivyohamishwa, vilikopelekwa, na hali vilivyofika nayo. Makumbusho yaliyopoteza nyumba yake bado ni makumbusho maadamu daftari lake limesalimika.

Beit el-Sahel, kasri lililo ufukweni, lilifanywa makumbusho ya familia ya kifalme mwaka 1994. Pemba ina makumbusho yake ndani ya ngome kongwe ya Chake Chake. Ipe nafasi ya kutosha. Nimechoka kusoma historia za "Zanzibar" zinazoishia Malindi na Darajani, mitaa ya mjini Unguja.

Usiichanganye taasisi ya Zanzibar na Makumbusho ya Taifa ya Dar es Salaam, kwani kila moja ina ukoo wake. Ile ya Dar es Salaam iliasisiwa mwaka 1934 na kufunguliwa mwaka 1940 ikiwa kumbukumbu ya Mfalme George wa Tano, na ndiyo inayohifadhi fuvu la Zinjanthropus lililovumbuliwa na Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959. Hata baada ya Muungano wa mwaka 1964, makumbusho na mambo ya kale ya Zanzibar yameendelea kuwa chini ya Serikali ya Zanzibar. Mfano huo wa Dar es Salaam una funzo la kazi pia: kuasisiwa ni tarehe moja, kufunguliwa ni nyingine, na baina yake imo miaka sita ambayo ndiyo yenye mijadala, michango na ujenzi. Tenganisha tarehe hizo kila mara.

Sheria na nyaraka

Sheria ya kuhifadhi majengo na mahali pa kale ilipitishwa Zanzibar mwaka 1927, miaka miwili baada ya Beit el-Amani kufunguliwa, na ikafanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2002. Ziweke tarehe hizo pambizoni mwa orodha yako ya wachimbaji, uone nani alichimba chini ya masharti gani.

Nyaraka zenyewe zitafute katika Nyaraka za Taifa pale Kilimani. Fika na barua ya skuli au chuo chako, kibali cha utafiti, penseli na subira. Kalamu ya wino haitakiwi karibu na karatasi za kale. Omba kwanza ripoti za mwaka za idara, kwa kuwa ni fupi, zimepangwa kwa miaka, na ndani yake utakuta mambo ambayo hayakuandikwa kwa ajili ya sifa: paa linalovuja, mchwa, makabati yasiyofungika, fedha zilizoombwa zikakataliwa. Baada ya hapo ingia katika barua.

Tarehe zitakusumbua, kwa sababu nyaraka na maandishi ya mawe huchanganya kalenda mbili. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya Kikufi, khati ya kale ya Kiarabu, yenye mwaka 500 wa Hijria. Vitabu vingine hutaja 1106 na vingine 1107, na mwanafunzi hudhani kwamba mmoja amekosea. Mwaka 500 wa Hijria ulianza mwaka 1106 na kumalizikia 1107, na kwa kuwa jiwe lenyewe limeutaja mwezi wa Dhul-Qaada, yaani Mfunguo Pili, unaokaribia mwisho wa mwaka, tarehe inaangukia 1107. Basi andika mwaka wa Hijria kwanza kama ulivyoukuta, mwezi ukiwapo uutaje, kisha uweke mwaka wa Miladi pembeni yake. Msikiti huo ulijengwa upya katika karne ya 18, hivyo usiupe umri wa jiwe kila ukuta unaouona.

Kuzungumza na wazee

Pita kwa Sheha wa shehia kabla ya kumgongea mtu mlango. Ukifika kwa mzee, amkia, kaa unapokaribishwa, na uache daftari mkobani mpaka mazungumzo yashike njia. Usimuulize "historia ya magofu," kwa kuwa atakujibu kwa lugha ya vitabu akidhani ndiyo unayoitaka. Muulize shamba lake linapakana na nini, mawe ya ukuta ule yalichukuliwa kujengea nini, wageni waliochimba walilala nyumba ya nani, nani aliwabebea maji, nani alichekecha udongo. Vibarua hao hawatajwi katika jiwe lolote la ufunguzi, nao ndio waliovigusa vitu mwanzo.

Pujini, Pemba, watu watakusimulia habari za Mkama Ndume, mtawala mkali aliyewatesa watu wake kwa ujenzi, na kisima kilichogawanywa kwa ukuta ili wakeze wawili wachote maji bila ya kukutana. Wachimbaji wanaiweka ngome hiyo katika karne ya 15 na 16. Usiyatumie masimulizi kuijaza tarehe, wala tarehe kuyafuta masimulizi. Yaandike yote mawili, kila moja kwa jina la chanzo chake, msomaji ayaone yanapokutana na yanapoachana.

Waulize pia akina mama wanaofinyanga. Mwonyeshe Bi Mkubwa picha ya kigae chako cha pili, kile cha pembetatu, umsikilize. Ripoti za wachimbaji hukiita kwa nambari ya aina, na yeye kwa kuutazama ukingo atakwambia kama ni chungu cha wali, cha mchuzi, mtungi wa maji, mkungu wa kufunikia au kikaango, na kwa nini mdomo umepindwa hivyo. Majina hayo yaingize katika maandishi yako kama majina kamili ya vitu, kwa sababu ndiyo yatakayoviwezesha vitu kusomwa na watu wa hapa.

Kuandika

Rudi kwenye vigae vyako viwili na uandike kwa kufuata safari yake: shimo, mfuko, daftari, sanduku, kabati, na pengine sanduku tena. Majina ya watawala, miaka ya majengo na vifungu vya sheria viingie pale kigae kinapokutana navyo, si kabla yake. Kila habari uiwekee chanzo chake ndani ya sentensi, useme "kitabu cha mapokezi kinaandika" au "mzee mmoja wa Pujini alieleza", na jina la mzee ulitaje iwapo amekuruhusu tu.

Ukimaliza, toa nakala nne. Moja ibaki kwako, moja ipeleke Idara ya makumbusho na mambo ya kale, moja kwa Sheha aliyekupokea, na ya nne iweke katika maktaba ya skuli iliyo karibu zaidi na magofu yenyewe. Katika ukurasa wa kwanza wa kila nakala andika nambari za vigae vyote viwili, kwa wino mweusi na kwa tarakimu kubwa, ili mtoto atakayeisoma aweze kwenda makumbusho na kuomba aonyeshwe vigae hivyo hivyo.